Niliandika msitu wa Oicha umekatwa, na sikuwa nimefika

Wakuu, salamu kutoka Butembo, mashariki mwa Kongo. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, na sitaficha kitu hata pale yanaponiaibisha.

Kazi yangu ni hii. Setilaiti inatoa ramani, na kila inapoona msitu umekatwa inaweka doa jekundu. Sasa lazima mtu aende kwa miguu aangalie kama doa linasema kweli. Huyo mtu ndiye mimi.

Si mchezo, maana wanunuzi hawataki kakao ya msitu uliokatwa, na wanaitumia ramani hiyo hiyo. Shamba lako likiwa jekundu, kakao yako haipokelewi.

Nilipewa madoa saba upande wa Oicha. Wiki ile watu walikuwa wanakimbia vijiji kwa ajili ya vita. Niliogopa, nasema wazi. Nikabaki bureau, kwenye kompyuta, nikafungua picha za zamani: kijani kitupu. Picha mpya: udongo. Fomu inauliza kama msitu umekatwa, na ina visanduku viwili tu, ndiyo na hapana. Nikatia alama kwenye ndiyo mara saba, nikaenda kula.

Miezi ikapita. Siku moja niko Oicha kwenye depo ya mnunuzi, nikamkuta mama mmoja amekaa juu ya magunia yake ya kakao. Amekataliwa. Karani, kwa kutaka kujinasua, akaninyooshea kidole: huyo ndiye aliyekagua shamba lako.

Mama huyo, Mama Masika, mjane, akanitazama kuanzia viatu.

"Ni weye ulisema nilikata pori? Ulikuya siku gani? Miye sikukuonaka."

Akashuka kwenye magunia, akachukua panga lake.

"Donc twende sasa hivi. Utaona na macho yako."

Mbele ya watu wote wale ningekataaje?

Kwenye kizuizi cha barabarani askari alituambia tuwe tumerudi kabla ya saa tisa alasiri, baada ya hapo yeye hajui. Tulitembea kama saa nzima. Tawi likikatika tu, nageuka nyuma. Mama yuko mbele, panga mkononi, hageuki.

Tulipofika tulipita mikakao yake inayozaa, ndipo nikaona miche michanga ya kakao, na pembeni magogo ya miti iliyokatwa. Nikajisemea, si ndiyo haya? Setilaiti ilisema kweli. (Nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe.)

Mama akainama, akafagia majani kwa mkono. Kisiki cha kakao, kikuukuu. Akahesabu hatua tatu, akafagia tena. Kisiki kingine. Hatua tatu, kingine. Mstari umenyooka mpaka bondeni.

"Bwana yangu alipimaka na kamba. Pori inajipandaka na kamba? Tulikimbia miaka mingi, miti ikaota humu. Tukarudi, tukaikata. Hii ni shamba yetu, hapana pori."

Basi. Setilaiti iliona kijani kirefu, ikadhani ni msitu. Haikujua kwamba watu walikuwa wamekimbia. Mimi nilijua, mimi ni mtu wa huku huku, na bado niliandika ndiyo.

Risasi zikasikika ng'ambo ya bonde. Mimi tayari nimegeuka. Mama akanishika shati.

"Piga foto kwanza. Kisha tutakimbia."

Nikapiga visiki, mstari mzima. Halafu kweli tulikimbia.

Nilimwambia chef wangu, mkubwa wa ofisi, kila kitu, pamoja na kwamba sikuwahi kufika. Alinifokea, nusura anifukuze, mais doa liliondolewa. Mama Masika akanipigia simu: "Balikamata kakao yangu." Yaani wameipokea. Akakata, hata asante hakuna. Sikuistahili.

Sisemi setilaiti ni mwongo. Misitu inakatwa kweli, nimeiona kwa macho yangu. Nilichojifunza ni kwamba sahihi yangu kwenye ile fomu inaweza kumlaza mtu njaa, kwa hiyo nisiiweke mahali ambapo mguu wangu haujakanyaga.

Tatizo ni kwamba yamebaki madoa sita. Barabara ya huko imefungwa, na kila doa lina ndiyo yangu. Sijui magunia ya nani yamekataliwa huko.

Nyie mnaofanya kazi kama hii, mngefanyaje? Semeni tu, hata mkinitukana nitasoma.

Mimi nimeomba yote sita yabadilishwe, yaandikwe "sijui". Chef amejibu kwamba fomu haina kisanduku hicho.