Krimu Mpaka Sakafuni

Harufu ya rangi mbichi huniumiza taya. Majuzi, fundi alipofungua mkebe sebuleni mwetu hapa Ruiru, nilikuwa katikati ya mhadhara kwa mke wangu kuhusu jua la asubuhi na namna linavyobadilisha rangi ya ukuta, elimu niliyoipata kwenye simu. Nikanyamaza, jambo ambalo nyumbani kwetu halijazoeleka. Nilikuwa nimerudi utotoni, Makongeni, Thika, mbele ya ukuta wa mama yangu.

Vyumba vyote vya kupanga vya ploti yetu vilipakwa namna moja: juu nyeupe, chini kijani kilichokolea, rangi ya mafuta. Kijani kile kilimeza masizi ya jiko, vidole vyetu, na damu. Baba alipompiga Mama, na alimpiga sana, kitambaa chenye maji kilitosha. Jirani akiuliza kuhusu mdomo uliovimba, aliambiwa ni mlango. Mlango wetu ulikuwa mkorofi kuliko wowote Thika nzima.

Kisha Baba akaenda mazishini kwao, na Mama akapaka sebule krimu, rangi ya maji inayofyonza madoa, mpaka sakafuni. Kiti cha wageni akakihamisha kitazame ukuta unaoelekea mlango. Majirani walicheka: krimu, na watoto wote hao? Baba aliporudi alisimama mlangoni.

"Kwani tumehamia ubalozini?"

Jumapili jioni, kisa kilikuwa chumvi. Baba alimkaba Mama shingo akamsukuma. Nikasikia kichwa kikigonga ukuta kama boga linaloanguka. Akampiga ngumi mdomoni, tena na tena. Mama akajipangusa damu, akauegemeza mkono ule ukutani, ukakaa pale. Nilijua angekufa. Niliuma kola ya shati mpaka taya zikakaza.

Baba akaamuru paoshwe. Mama akasugua kimya, chini ya balbu iliyofanya kila kitu kuwa manjano. Baba akakagua, akaridhika. Hata mimi sikuona kitu.

Asubuhi mlango ukafunguliwa. Jua likaingia moja kwa moja, na kiganja kikajitokeza ukutani, rangi ya kutu, vidole vyote.

Tata, dada mkubwa wa Baba na mtu pekee ambaye Baba alimwogopa, alikuwa amepitia chai kama kila Jumatatu kabla ya kwenda sokoni. Aliketi kwenye kile kiti. Akaweka kikombe chini.

"Huo mkono ni wa nani?"

"Ni hawa watoto," Baba akasema.

Tata akanivuta, akaubandika mkono wangu juu ya doa. Ukapotea ndani yake. Akautazama mdomo wa Mama. Kofi alilompiga Baba lilimwangusha na meza, na chai ya moto ikammwagikia. Akamwongeza lingine akiwa chini.

"Na mimi nimekuwa nikiamini hiyo mlango yenu," akasema, akihema.

Tulihamia kwake Ruiru siku hiyo hiyo. Hatukurudi.

Kwa miaka mingi, pamoja na shahada zangu, niliamini kwamba tuliokolewa na rangi mbovu. Mama alikuwa hajui kuchagua rangi, basi.

Majuzi alikuja kutazama kazi, akitembea kwa fimbo. Fundi alikuwa akinishauri tuweke kahawia upande wa chini, inaficha. Mama akautazama mlango, akautazama ukuta unaouelekea.

"Kwani huku mnaficha nini?"

Kisha akakivuta kiti cha wageni, polepole, mpaka kikautazama ukuta, kama kile cha Makongeni.