Tochi Inayoshikika kwa Meno

Mwenye duka pale Makadara, Mombasa, aliponiona nikiitia tochi yake mdomoni, alishtuka.

"Bibi, hiyo si ya kula!"

"Najua, mwanangu. Nataka kuona kama yashikika."

"Yashikwa kwa mkono, bibi."

"Na mikono ikiwa ina kazi?"

Salma, aliyenileta, aligeuza uso akajifanya anatazama kufuli zilizotundikwa ukutani. Salma ni binti wa wifi yangu Maryamu. Ni mwalimu wa shule, mama wa watoto, na bado huona haya kuingia nami dukani. Umeme ulikuwa umekatika tena kwetu Mji wa Kale, na ngazi za nyumba yetu ni za kizamani, nyembamba, kila kidato na urefu wake. Juzi nusura niporomoke. Ndipo Salma akasema twende tukanunue tochi ndogo niwe naiweka mkobani, ingawa kwa maoni yake simu yangu yatosha.

Mwenye duka alianza na dude kubwa kama mchi. "Hii, bibi, yamulika hata Likoni."

"Likoni wana taa zao," nikamwambia. "Nipe ya kumulika mbele ya pua yangu."

Akaleta ya kuchajiwa. Nikamuuliza, umeme ukikatika wiki nzima nitaichaji kwa nini, kwa dua? Akaleta inayowaka na kuzima yenyewe kama gari la polisi. Hiyo niliirudisha upesi. Akaleta ya plastiki, nikaiangusha sakafuni makusudi, ikafunguka vipande viwili. Salma akanambia, "Mama Zena, tafadhali." Mwisho akatoa moja ya chuma, fupi kuliko kiganja changu, inayotumia betri za kawaida ambazo kila kioski kinauza. Mwili wake una mistari iliyochongwa ya kuzuia isiteleze. Nililowesha vidole kwa maji ya chupa nikabonyeza kitufe, ikawaka. Nikabonyeza tena, mwanga ukapungua ukawa mdogo, wa manjano. Nikaitia menoni, ikatulia.

"Hii," nikasema.

Njiani Salma aliniuliza, kwa upole lakini kwa kuudhika, kwani mimi nina nini na tochi. Yeye ajua kwamba alizaliwa vitani. Hajui ilikuwaje, maana mamake hapendi kuyasema, na mimi nilimwachia mamake. Jioni ile nilimuuliza Maryamu kama niseme. Akasema, "Andika. Mimi sitaweza kusoma, lakini andika." Basi naandika. Kwetu Barawa, pwani ya Somalia, twasema Chimiini, lakini maneno ya watu nitayaweka kwa Kiswahili cha hapa, ambacho sasa ndicho ninachootea ndoto.

Siku ninayoikumbuka zaidi kabla ya vita haina kitu. Tulikuwa tumekaa uani tukichambua mchele, wanawake watatu: mimi, Maryamu, na mama mkwe wangu Bi Rukia. Mume wangu alikuwa Mombasa akiuza makubadhi. Mume wa Maryamu alikuwa amekwenda Mogadishu kutafuta bidhaa. Maryamu alikuwa na mimba changa, na kila mchele ulipopepetwa alikuwa akitaka kuutafuna mbichi. Siku hiyo msafiri alituletea mzigo kutoka kwa mume wangu, na ndani yake mlikuwa na tochi ndogo ya chuma.

Bi Rukia aliigeuzageuza. "Waume wa wenzio huleta dhahabu," akanambia. "Wako akuletea kijiti cha moto."

Tulicheka sana. Lakini haikupita wiki tochi ikawa yake. Nyumba yetu ilikuwa ya mawe, vyumba vikifuatana kimoja nyuma ya kingine, na cha mwisho kabisa, ndani, hakina dirisha hata la kupita paka. Humo huketishwa bibi harusi, huzaliwa watoto, huoshwa maiti. Mimi nilikichukia kwa giza lake. Bi Rukia alikuwa akiingia na tochi kutafuta vitu vyake, na kila asubuhi alitoa betri akazianika juu ya dari, juani, kama walivyofanya watu wote wa mji wetu. Tuliamini betri hunywa jua. Ukipita juu ya madari ya Barawa asubuhi ungeona betri zimelala karibu na papa na pilipili, kila mtu na zake.

Vita vilitufikia kwanza kwa maneno. Watu walisema njia ya Mogadishu imefungwa. Mume wa Maryamu alikuwa upande wa pili wa njia hiyo, na hatukupata habari zake tena, siku ile wala mpaka leo.

Kisha wakaja wapiganaji wenyewe, kwa malori. Sisi hatukuwa na bunduki wala ukoo wa kutulipizia, na hilo walilijua. Walichukua masufuria, nguo, magodoro, milango. Nyumba jirani waling'oa hata bawaba. Wakiondoka hawa, walikuja wengine, na kila kundi lilikasirika kukuta kundi la kwanza limemaliza.

Tulihamia kile chumba cha ndani. Risasi zilipita madirisha ya mbele zikakwama ukutani, lakini humo hazikufika. Giza nililolichukia nikalishukuru. Mafuta ya taa yalikwisha, mishumaa ikaisha, tukabaki na tochi, tukiiwasha kwa kuibania.

Uchungu ulimshika Maryamu asubuhi, mapema kuliko tulivyotarajia.

Mkunga alikaa mtaa wa pili. Hakuna aliyeweza kufika mtaa wa pili.

Bi Rukia alikuwa amezalisha jamaa wengi, hakuwa na wasiwasi. Aliketi, akakunja mikono ya nguo, akanambia, "Washa."

Nilibonyeza. Haikuwaka. Nikafungua. Ilikuwa tupu.

"Betri ziko juu," akasema Bi Rukia.

Alikuwa amezianika alfajiri, kwa mazoea. Mji ulikuwa unateketea, naye alizipandisha betri darini kwa sababu ndivyo asubuhi ilivyoanza siku zote.

Nikainuka. Akanikamata kanga.

"Keti. Macho yangu hayaoni tena vizuri. Mikono yako ndiyo itakikanayo hapa."

"Mama, wako barabarani."

"Nawasikia. Mimi si kiziwi."

Akatoka. Nilisikia nyayo zake ngazini. Nilisikia Maryamu akiuma kanga ili asipige kelele.

Mlio mmoja.

Kisha kimya, na nyayo zikaanza kushuka, polepole, kama mtu aliyebeba mtungi.

Aliingia mkono mmoja ameubana ubavuni. Wa pili akaunyosha kwangu, akaufungua. "Zi moto," akasema. Kweli zilikuwa moto kwa jua.

Nikazitia. Taa ikawaka. Mwanga wa kwanza uliangukia nguo yake, nikaona damu.

"Usinimulike mimi," akasema. "Mimi si mzazi."

Aliegemea ukuta, akanyosha miguu. Nilitaka kumfunga jeraha, akanifokea kwa sauti ya chini. Maryamu alikuwa anahitaji mikono yangu yote miwili, na hakukuwa na wa kunishikia taa. Nikaitia menoni.

Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi ile. Bi Rukia alisema, mimi nikafanya. Ngoja. Sasa. Usivute. Mwambie apumue. Chuma kilikuwa na ladha ya chumvi, mate yakinitiririka kidevuni, na sikuweza kujibu wala kulia. Pengine tochi ndiyo iliyoniokoa. Mtu aliyebana tochi kwa meno hawezi kupiga mayowe.

Nje waligonga mlango wa jirani. Nikageuza uso ukutani ili mwanga usitoke, nikafanya kwa kupapasa. Wakapita.

Mtoto alitoka akiwa kimya. Bi Rukia akasema, "Mpige mgongo. Si kwa huruma." Nikampiga. Akalia kidogo tu, kama aliyejua kwamba hapafai kelele.

"Mume au mke?"

Nikatoa tochi mdomoni. "Mke, mama."

"Alhamdulillahi. Mlete."

Nikadhani ataka kumbusu. Lakini alimweka sikio la kulia mdomoni pake, akamwadhinia adhana ya mtoto mchanga, neno kwa neno, kwa kunong'ona. Kwetu hiyo ni kazi ya baba, au mjomba, au mwanamume yeyote wa nyumba. Bi Rukia alikuwa mtu wa taratibu kuliko wote niliowajua. Hata sahani za wanaume na za wanawake alizitenga. Maryamu aliinua kichwa akamtazama mamake. Hapo ndipo alipofahamu. Mpaka hapo hakuwa ameiona damu, maana tochi haikumgeukia mamake tena.

Alifariki kabla ya alasiri. Aliomba maji, nikampa, akaniuliza kama nimeizima tochi, nikamwambia nimeizima.

Jirani mzee alitusaidia kuchimba uani. Tulimzika na nguo zake, kama azikwavyo shahidi, ndivyo alivyotuelekeza jirani, na tukarudisha mawe juu ili wale wa malori wasije wakadhani tumeficha mali.

Salma, mwanangu, hayo ndiyo. Usidhani nayaandika kwa uchungu tu. Kila mara nikikuona unatembea ufukweni Mama Ngina na wanao, mikono imejaa mihogo ya kukaanga, moyo wangu hujaa shukrani hata nikashindwa kutafuna. Namshukuru Mungu. Nawashukuru majirani wa mtaa huu wa Mji wa Kale, waliotupa chumba na masufuria bila kutuuliza sisi ni nani. Namshukuru mamako, aliyevumilia bila sauti. Na wewe niachie nichague tochi zangu.

Kuhusu safari ya baharini ya kukimbilia Mombasa sisemi, wengi wameisema. Nasema tulipofika. Mume wangu, mjomba wako, alikuwa akishinda bandarini akingoja kila chombo kilichotoka kwetu. Alituona, akaja mbio, akatazama nyuma yetu.

"Mama yu wapi?"

Maryamu aliinamisha kichwa. Mume wangu akadhani mamake yuko nyuma na mizigo. Akakupokea, akacheka kwa furaha, akakugeuza upande wa kulia, maana alijua nyumba ile haikuwa na mwanamume, na akavuta pumzi ili akuadhinie.

"Ameshaadhiniwa," nikamwambia.

"Na nani?"

"Na mamako."

Alimjua mamake. Alijua kwamba asingeifanya kazi ile ila kama hakuna kesho ya kumngojea mwanamume aifanye. Aliketi palepale chini, wewe ukiwa mikononi mwake, na wachukuzi wakawa wanampita kushoto na kulia na magunia yao.

Baadaye watu wa mtaani waliniuliza tumefika wangapi. Niliwajibu watatu, wazima, alhamdulillahi. Nilishukuru siku ile na nashukuru hata leo. Lakini tulipaswa kufika wanne.