Gasketi ya Pampu ya Maji

Fundi yeyote atakwambia: gasketi, ile karatasi ngumu ya kuziba maungio, ukishaifungua, tupa, weka mpya. Mimi mwenyewe nimewafokea wateja kwa jambo hilo. Lakini ile ya pampu ya maji kwenye pikapu yangu aliikata mke wangu, na mke wangu nimemzika kwao Lionja. Ningeitupaje?

Kazi ile tulikuwa tunagawana. Mimi napaka oili kwenye uso wa pampu, nagandamiza kipande cha boksi la sabuni juu yake ili alama ibaki. Yeye, fundi cherehani, anakata. Mkono wangu haujawahi kufuata mstari. "Baba, hiyo gasketi au chapati ya mtoto?" alikuwa akinicheka. Tukishafunga, yeye anawasha gari, mimi nalala chini kutazama.

"Inavuja?"

"Haivuji!"

Hapo ndipo anazima.

Basi baada ya mazishi pampu ikafa. Nikanunua nyingine, lakini gasketi yake nikairudisha ileile, nimeipaka gundi ya silikoni nene pande zote mbili. Ujinga mtupu! Ila nilitaka kitu cha mkono wake kiendelee kufanya kazi.

Siku ya arobaini nikapakia cherehani yake, ambayo aliusia apewe mdogo wake, nikatoka kwetu Narung'ombe asubuhi kwenda Lionja. Kabla sijafika Nachingwea mshale wa joto ukapanda, na mvuke huo, usiseme. Nikashuka nikijitukana. Maji yanachuruzika kwenye maungio ya pampu; gasketi imechanika. Wenzangu wananisubiri kwenye dua, na mimi nimekwama porini na cherehani ya marehemu, kwa ukaidi wangu.

Injini ilipopoa nikafungua pampu, nikakwangua mabaki yote mpaka chuma kikang'aa. Boksi lilikuwepo nyuma ya kiti. Mkasi ulikuwa kwenye droo ya cherehani, mkasi wa vitambaa, ambao alikuwa hataki hata niusogelee kwa sababu karatasi inautia butu.

"Nisamehe, mama," nikasema, nikakata. Ikatoka chapati ya mtoto kwelikweli. Nikapaka silikoni kidogo tu, nikakaza bolti, nikakaa kando ya barabara kusubiri ishike.

Bodaboda mmoja akapunguza mwendo. "Mzee, uko peke yako?"

"Niko peke yangu," nikamjibu. Sikuwa nimewahi kulitamka hilo kwa mdomo wangu. Akanipa pole, akaenda zake, na mimi nikalia pale bila aibu.

Jua lilipokuwa kali nikajaza maji ya dumu. Nikawasha gari, nikaruka chini, nikatambaa chini ya injini na mgongo wangu huu mbovu. Nikapapasa kuzunguka pampu. Pakavu.

"Haivuji!" nikapaza sauti.

Injini ikaendelea kunguruma. Nikabaki nimelala pale vumbini, nikimsubiri azime.