Tromboni Anachelewa

Maestro aliniachia kazi moja tu, nayo ilikuwa kumtafuta mtu nisiyemjua jina. Katika juma lake la mwisho, amelala katika nyumba yake ya Ngezi, alinishika mkono mbele ya mke wake. "Mama Bombardo," aliniambia, "siku ya kunizika mupige ile wimbo yetu ya kambi. Muipige muzima. Kama Tromboni anakosa, pahali pake muache wazi, musitie mutu mwingine."

Nikasema ndiyo, Maestro. Mgonjwa utamjibu nini? Lakini moyoni nilikuwa nauliza: Mungu wangu, huyo Tromboni nitamtoa wapi?

Wageni wa Bunia hawamjui Maestro, basi niseme. Kama ulifunga ndoa hapa kwetu na bibi arusi akaingia kanisani polepole huku matarumbeta yanalia, wimbo ule ulikuwa wake. Alitunga kwa ajili ya fanfare, bendi ya matarumbeta ya parokia, na baadaye kwa ajili ya okestra yetu ndogo ya vinanda na violini zilizochoka. Kupuliza alijifunza kule Fataki, kwenye shule ya mapadri, akiwa bado anavaa kaptula. Nyimbo zake alizitunga kwa do-re-mi, akiziandika kwa chaki kwenye ukuta wa sebule, na kila Noeli mke wake alipaka ukuta ule rangi mpya. Maestro alikuwa anasema mwanamke huyu ameua muziki mwingi kuliko vita. Mke wake alikuwa anamjibu kwamba muziki haufuti buibui.

Vita vilipokuja, mji ulikuwa unabadilisha wenyewe kama mtu anayebadilisha shati. Leo wanatawala hawa, kesho wale, na kila aliyeingia alivunja milango. Ghala la fanfare nalo lilivunjwa. Kijana mmoja mwenye bunduki alionekana amevaa bombardo kichwani, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, anajikinga mvua nalo. Halafu Maestro mwenyewe akaiona trompeti yake sokoni: muuza petroli alikuwa anaitumia kujazia mafuta kwenye chupa. Alisimama pale, akatazama, akaondoka. Hata bei hakuuliza.

Tulikimbilia kambi ya karibu na uwanja wa ndege, kila familia chini ya shitingi yake ya turubai. Nilikuwa na watoto wangu na sufuria moja. Siku chache kabla, mdogo wangu wa tumbo moja alikuwa amesimamishwa kwenye barieri ya barabarani, akaulizwa jina, akalitaja. Kwetu jina linasema kabila, na siku zile kabila lilitosha kumuua mtu. Walimuua palepale, na mwili wake hatukuupata. Nilikuwa nimekauka. Hata kulia nilikuwa sijui tena.

Ndipo mzee huyu Maestro akapita kati ya mashitingi, anachagua watu kama mama anayechagua maharagwe. Aliniita nimwimbie sauti ya chini kabisa niliyo nayo. Sauti yangu ni nene tangu zamani. Mawifi zangu walikuwa wanasema ndugu yao ameoa mwanaume. Nikatoa sauti ile kwa hasira, nikitumaini ataniacha. Akafurahi kama aliyeokota kuku. "Weye ni Bombardo," alisema. "Vyombo vimeenda, lakini pumzi iko."

Basi tukawa fanfare ya midomo. Mmoja alikuwa Trompeti, wa pili Klarineti, mwingine Ngoma. Sheria ya Maestro ilikuwa moja: majina yetu tuyaache nje. Ndani ya fanfare mtu anaitwa chombo chake, hakuna kuulizana mutu wa wapi, muana wa nani. Kuna waliocheka. Mimi sikucheka, maana nilijua jina linaweza kufanya nini.

Tromboni alikuwa kijana mrefu, mwembamba, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Kuongea aliongea kidogo sana. Na kuchelewa! Aa, yule mtu alichelewa kila jioni ya Mungu. Tutasimama, midomo tayari, watoto wamekwisha kukaa chini kutazama, Tromboni hayupo. Halafu utamwona anatokea nyuma ya vyoo, upande ambao hakuna njia, anatembea kama hana haraka. Maestro alimgombeza mbele ya wote. Yeye alijibu maneno yale yale, kwa sauti ya chini: "Kawia ufike, Maestro." Mimi nilimwita mvivu, tena usoni pake. Nilikuwa nimeacha muhogo jikoni, mwenzangu.

Lakini niseme ukweli: Maestro aligomba, ila bila yeye hakuanza. Hata siku moja.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa kutembea, siyo wa kulia. Mimi nilitembea chini, mbu, mbu, mbu. Trompeti alirukaruka juu. Halafu katikati wote tulinyamaza, na Tromboni akateremka peke yake, sauti inateleza kama mama anayeshuka mlima na mzigo mgongoni, taratibu asianguke. Akifika chini, siye wote tunamdaka. Pale ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu mdogo wangu afe. Nililia huku naendelea kupiga, mbu, mbu, na Maestro aliniona, akaendelea kupunga mkono kama kawaida. Namshukuru mpaka leo.

Naona haya kusema, lakini jioni zile ninazitamani. Tulikuwa na njaa, mashitingi yalivuja, watoto walikohoa. Hata hivyo wanawake waliacha sufuria zikiungua waje kusikiliza, na wazee walitembea kwa hatua moja kama askari wa gwaride. Sijawahi tena kuwa kati ya watu wengi bila kujiuliza huyu ni nani, yule ni nani.

Amani ilipojaribu kurudi, kila mtu alitoka kambini kwa njia yake, bila kuagana. Fanfare ilipata vyombo vipya, na Maestro akatunga nyimbo nyingi. Ule wa kambi alikataa kuuandika. Nilimwuliza kwa nini, akasema akiuandika, watu wataupiga bila sisi. Kwa hiyo ulibaki vinywani mwetu, kila mmoja na kipande chake.

Alipokufa nilikwenda redio kutangaza kilio. Mtangazaji aliniuliza kama Tromboni ni jina la mtu. Nikamwambia asome tu, mambo ya kuuliza aachie polisi. Akasoma: Tromboni wa kambi ya uwanja wa ndege, popote uliko, Maestro ametutoka, anazikwa Jumamosi, fika au upige simu. Na namba yangu. Trompeti alikuja, Klarineti akaja amenenepa, Ngoma akaja na wajukuu. Wapuuzi pia walipiga simu, mmoja akisema yeye ni Piano. Tromboni, kimya.

Jumamosi jeneza lilikuwa uani, watu wamejaa hadi barabarani. Padri alikuwa ameshatazama saa. Tulisimama tuanze, pahali pake tumepaacha wazi kama tulivyoagizwa, na simu ikalia kwenye kitenge changu.

"Mama Bombardo? Ni miye. Niko Komanda. Barabara wamefunga, magari yote imesimama. Mutaniruhusu nipige hapa hapa?"

Sauti ile niliijua kabla hajamaliza. Nikaiweka simu juu ya jeneza, spika wazi, tukaanza. Mbu, mbu, mbu. Tulipofika katikati tukanyamaza, na kwenye simu hakuna kitu. Rezo ya kwetu, mtandao wa simu, mnaijua. Tukangoja. Trompeti akanitazama, mjane akaziba mdomo. Ndipo ikaja, imechelewa, inakwaruza, inateremka polepole ile njia yake yote. Ilipofika chini tukaidaka, na uani halikubaki jicho kavu.

Baadaye nilichukua simu. Aliniuliza Maestro alikuwa anaitwa nani, maana alitaka kumwombea misa na hakuwahi kumjua jina. Nilitazama msalaba wa kaburi, umeegemezwa kando ya jeneza. Jina lilikuwa limeandikwa pale, la kwake, la baba na la ukoo. Nikamsomea.

"Kumbe alikuwa mutu ya kwenu," alisema.

"Ya kwetu."

"Na alijua miye siye wa kwenu. Ndiyo maana alinikataza kuongea." Nilimsikia anavuta pumzi. "Mama, sikuwa muvivu. Pale ku robine ya maji vijana yenu walikuwa wanakaa kila jioni, wanauliza watu majina. Nilikuwa nangoja watoke ndiyo nipite."

Vijana wale niliwajua. Mmoja alikuwa shemeji yangu, na nilikuwa nampelekea chakula palepale kwenye robine. Nikakaa chini kwenye udongo wa uani na kitenge changu kizuri.

Halafu, bila mimi kumwuliza, akanitajia jina lake. Sitaliandika. Ni jina la upande ule, la watu waliomsimamisha mdogo wangu, na miaka yote hii nikilisikia sokoni nilikuwa nageuza njia. Uani walikuwa wamejaa watu wa kwetu, na wengi walikuwa wananitazama.

Nikasimama. Nikamwita kwa jina lile lote, mpaka la ukoo, kwa sauti yangu nene ya bombardo, kila aliyekuja kilio akalisikia, nikamwambia amefika.