Mgongo wa Mwenda: Safari ya Timu Yetu Doha

Tulikwenda Doha kwa sababu ya majani ya ng'ombe. Najua jambo hilo linasikika vibaya, lakini ndivyo ilivyokuwa. Chuo chetu cha ualimu kule Meru kina ng'ombe kumi na mmoja na uwanja mmoja wa besiboli, na mwaka ule mkuu wa chuo aliniita ofisini akaniambia kwamba ng'ombe wanatoa maziwa na timu yangu haitoi kitu. Tulikuwa tumecheza mechi tisa msimu huo na kushindwa zote tisa. Tulishindwa Nairobi, tukashindwa Migori, tukashindwa nyumbani mbele ya wapishi wa chuo, na mara moja tulishindwa na timu iliyokuja ikiwa pungufu mchezaji mmoja.

"Mwalimu," mkuu akasema bila kuinua macho, "zimebaki hizo mechi tatu za Uarabuni. Mkirudi bila ushindi hata mmoja, uwanja ule napanda nepia, majani ya ng'ombe."

Mechi hizo tatu tulizipata kwa mkono wa Mama Mwenda. Huyu ni muuguzi, mzaliwa wa huku kwetu, na wakati huo alikuwa amefanya kazi Doha miaka tisa. Mwanawe, Mwenda, alikuwa anasoma chuo kimoja kule na kuchezea timu yake ya besiboli. Timu hiyo ilikuwa inatafuta wageni wa kucheza nao, mama akatutaja, na wenyeji wakakubali kutugharamia nauli na malazi. Kwa hiyo kijana wa kwetu ndiye aliyetufungulia mlango, na huyo huyo ndiye tuliyekwenda kumshinda.

Wiki tatu kabla ya safari niliwafanyisha vijana mazoezi mpaka wakanichukia. Shida yetu ilikuwa moja, nami nilikuwa nimepigana nayo miaka mitatu. Karibu kila mtoto aliyesoma shule ya msingi huku kwetu amecheza raunda kwa mpira wa makaratasi ya nailoni uliofungwa kwa kamba. Kwenye raunda, mtu akikimbia unamlenga kwa mpira. Ukimpata mwilini, ametoka. Besiboli haiko hivyo. Mpira unautupa kwa mwenzako aliyesimama kwenye besi, na ukifika kabla ya mkimbiaji, mkimbiaji ametoka. Kumpiga mtu mgongoni hakukupi chochote. Yeye anaendelea kukimbia na wewe unabaki umeduwaa. Kirimi, mlinzi wetu wa besi ya tatu, ndiye aliyekuwa sugu kuliko wote. Alikuwa na mkono mkali na shabaha ya kutisha, na akiona mgongo unakimbia mbele yake akili yote inamtoka.

"Kirimi, mgongo si besi," nilimwambia kila jioni.

"Nimekusikia, mwalimu," alinijibu kila jioni.

Asubuhi ya kuondoka tulikuwa watu kumi na wanne wenye glavu saba. Sikuona ajabu, maana huku kwetu glavu ni za wote: timu inayokwenda kupiga inaziacha chini uwanjani, na timu inayokuja kulinda inaziokota, hata kama ni wapinzani. Kwenye ndege Kirimi aliketi karibu nami, mpira mkononi, akakataa chakula mpaka alipoona wengine wanakula na hawadaiwi.

Alasiri, uwanja wa ndege wa Doha. Jengo lilikuwa jipya kabisa mwaka ule na bado lilinukia rangi. Nilikuwa nimejiandaa kuona mali, lakini sikuwa nimejiandaa kuona sakafu inayong'aa kiasi kwamba vijana wangu wawili walivua viatu. Niliwafokea wavivae, ingawa na mimi nilikuwa natembea kwa ncha za vidole. Nje alitupokea dereva wa basi, Ouma, mtu wa Busia.

"Karibuni wasee," alisema. "Yallah, ingieni haraka, hapa siruhusiwi kusimama. Nyinyi ndio timu? Nilidhani ni watu wa mbio. Sasa Mkenya na hii mambo ya gongo ni wapi na wapi?"

Nilimwambia angojee aone. Alinitazama kwenye kioo, akacheka taratibu mpaka tulipofika Al Thumama, kwenye nyumba tuliyopewa. Ndege zilipita juu ya paa letu kila baada ya dakika chache, na kila mara vijana walitoka nje kuzitazama.

Siku iliyofuata, Al Rayyan, mechi ya kwanza. Hapo ndipo nilipopigwa na butwaa halisi. Uwanja ulikuwa wa kijani kutoka ukuta hadi ukuta, kijani ambacho hata Meru wakati wa mvua hatukioni, katikati ya nchi ambayo tangu tushuke sikuwa nimeona jani lililojiotea lenyewe. Kirimi alipiga magoti, akang'oa unyasi mmoja, akaunusa.

"Mwalimu, ni plastiki."

Nilikataa. Nikainama na mimi, nikanusa. Ilikuwa plastiki. Kisha akaja mtu na bomba la maji akaanza kuimwagilia. Nilisimama pale mdomo wazi. Nilimfikiria mkuu wa chuo na ng'ombe wake, nikashukuru kwamba hakuja. Baadaye nilielezwa kwamba maji ni ya kuipoza, maana ikipata jua inachoma miguu, lakini maelezo hayo hayakunisaidia sana.

Tulifungwa kumi na tisa kwa sifuri. Mzunguko wa kwanza ulipoisha vijana wetu waliacha glavu chini kama desturi yetu ilivyo, na wenyeji walipoingia walizikuta, wakazikusanya kwa adabu, wakatuletea mikononi wakidhani tumezisahau. Kila mmoja wao alikuwa na glavu yake, yenye jina lake. Nilizipokea zote saba kifuani, nikashukuru, na uso ukanichoma kwa aibu.

Ijumaa, Muaither. Mama Mwenda alitualika kwake chakula cha mchana. Alipika githeri ya mahindi na maharagwe, na chapati, na vijana wangu walikula hadi nikaona haya. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya wodini, anayekuagiza kula kama anayekuagiza kumeza dawa. Mwenda alitusalimia kila mtu kwa mkono. Alikuwa kijana mrefu, mpole, na alizungumza nasi kwa Kiingereza tu. Nilipomuuliza kwa Kiswahili kama anaikumbuka Meru, alitabasamu na kumtazama mama yake.

Alipokwenda kuchukua soda, mama aliniinamia.

"Usimwone ana dharau, mwalimu. Kiswahili kilimwisha. Alikuja hapa na miaka kumi, nikamweka shule yao, na mimi nafanya zamu. Mwaka wa kwanza alikuwa akinijibu. Mwaka wa pili akaanza kutafuta maneno. Sasa bibi yake akipiga simu, mimi ndiye mkalimani."

"Kitarudi," nilisema, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kusema.

"Kirudi kutoka wapi?" aliuliza, akanisogezea chapati.

Jumamosi, mechi ya pili. Tulifungwa kumi na moja kwa nne. Nitasema ukweli, zile pointi nne zilinifurahisha kuliko inavyostahili. Hata Ouma aliacha kucheka.

Jumapili alasiri, mechi ya mwisho ya msimu. Ouma aliomba ruhusa kwa mudir, bosi wake, abaki atazame. Mama Mwenda alikuwa amebadilishana zamu, akaketi safu ya mbele akiwa bado na viatu vyake vyeupe vya kazi. Sijui nini kiliwaingia vijana wangu siku ile. Mrushaji wetu alirusha mipira ambayo sijawahi kumwona akirusha, na kufikia mzunguko wa mwisho tulikuwa tunaongoza sita kwa tano. Wenyeji walibakiwa na nafasi moja. Tukimtoa mtu mmoja tu, mechi imeisha na uwanja wetu umepona.

Mwenda alikuwa amefika besi ya pili. Mwenzake akapiga mpira, ukabiringika polepole kuelekea kwa Kirimi, na Mwenda akachomoka. Alimpita Kirimi, akakanyaga besi ya tatu, akaelekea nyumbani, yaani besi ya mwisho, kutafuta pointi ya kusawazisha. Kirimi aliuokota mpira vizuri kabisa. Alichopaswa kufanya ni kuutupa besi ya kwanza, kwa mwenzetu aliyekuwa amenyoosha glavu na kuita kwa sauti. Mpigaji alikuwa bado mbali. Mtoto angeweza.

Kirimi hakutazama besi ya kwanza. Alikuwa ameona mgongo.

Nilimwona akiinua mkono na nikajua. Niliita jina lake, lakini mpira ulikuwa umeshamtoka mkononi. Mpira ulimpata Mwenda katikati ya mabega kwa kishindo kilichosikika hadi kwa mama yake, ukaanguka kwenye ile plastiki, ukatulia. Miaka mitatu ya kazi yangu ililala pale chini. Mwenda alikuwa na hatua sita tu kufika nyumbani na hakuna mtu wa kumzuia.

Naye akasimama. Aliinua mikono yote miwili, akasema kwa nguvu, "Nimetoka!" Kisha akageuka, akaanza kutembea polepole kwenda kwenye benchi lao, kichwa chini, kama mtoto wa darasa la tatu aliyepatwa kihalali.

Kocha wao, Mmarekani mmoja mtu mzima, alishika kofia yake na kubaki nayo mkononi. Wenzake walimpigia kelele arudi akimbie, lakini alikuwa ameshafika benchi na kuketi. Refa alifikiri kitambo kirefu. Mkimbiaji akiacha njia yake kwa hiari na kwenda kukaa, sheria inasema ametoka. Akainua ngumi. Tulikuwa tumeshinda sita kwa tano, na hakuna mtu wetu hata mmoja aliyeruka.

Nilitamani kwenda kuirudisha ile mechi, kusema si haki. Lakini nilifikiria nepia, nikakaa kimya, na sijivunii kimya hicho. Mwenda alikuwa ameinama, uso mikononi. Kocha alikuwa anamuuliza kwa nini, naye alikuwa akijibu kwamba hajui, hajui kabisa, miguu ilisimama yenyewe.

Mama yake alishuka ngazi. Nilidhani anakwenda kwake, lakini alikuja kwanza kwangu, akanishika mkono wa shati.

"Mwalimu, umesikia alichosema?"

"Nimesikia."

"Niambie."

"Amesema 'nimetoka.'"

"Hakusema kwa Kiingereza?"

"Hapana, mama."

Aliniachia shati. Alikuwa analia, na ilinichukua muda kutambua kwamba hakuwa na huzuni. "Hicho Kiswahili kilikuwa wapi siku zote hizi?" aliniuliza, kama vile mimi ndiye niliyekificha. Kisha akaenda kukaa karibu na mwanawe, akamfunua jezi nyuma kutazama jeraha, kiuguzi, bila kumpa pole.

Kirimi alimfuata. Alisimama mbele ya Mwenda akichezea mpira vidoleni.

"Pole, ndugu yangu. Niliona mgongo."

Mwenda aliinua kichwa. Alihangaika kidogo na ulimi wake.

"Sawa tu," alisema.

Ouma aliturudisha Al Thumama. Tulipofika alizima injini, akageuka. "Mimi pia ningetoka, buda," alisema. "Wallahi ningetoka."

Siku tatu baadaye, Meru. Basi la chuo lilipoingia getini niliangalia uwanja kabla ya kuangalia mtu yeyote. Mkuu hakuwa ametungoja. Kutoka besi ya kwanza hadi ya tatu palikuwa pamechimbwa mashimo yaliyopangwa mistari, na vipandikizi vya nepia vilikuwa tayari vimesimama ndani yake. Vijana walishuka wakaanza kuhesabu mashimo. Nilikwenda ofisini moja kwa moja na begi mgongoni.

"Sikudhani mngeshinda," mkuu alisema. Angalau aliona haya. "Kwanza niambie mlishindaje."

Nilikuwa nimejiambia njiani kwamba nitasema matokeo tu. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira hunifanya niseme kweli, basi nikamweleza yote: mpira wa Kirimi, mgongo, mikono juu, benchi. Nilimaliza nikingoja aseme ushindi wa namna hiyo hauhesabiki.

Mkuu alikuwa amevua miwani.

"Mpira ulimpata mwilini?"

"Katikati ya mabega."

"Na akatoka?"

"Alitoka mwenyewe."

"Basi alitoka," alisema, kama mtu anayefunga faili. "Sasa shida iko wapi? Mwambie mtu wa shamba ang'oe hayo majani."

Ng'ombe walikula vipandikizi vile siku mbili. Mashimo tuliyafukia wenyewe, na hadi leo mvua ikinyesha chipukizi moja la nepia huibuka karibu na besi ya pili, nami hulikanyaga. Nilichojifunza katika safari ile ni kwamba nilikuwa nimehesabu vibaya kile vijana wangu walichobeba. Niliona glavu saba na tabia mbaya moja, na ile tabia ndiyo niliyotaka ibaki nyumbani. Bado naifukuza mazoezini, lakini sipigi kelele kama zamani.

Mwezi mmoja baadaye Mama Mwenda alinitumia sauti kwenye simu. Nilidhani ni yake. Ilikuwa ya Mwenda, inakwenda polepole, na mapengo ambayo ndani yake nilimsikia mama akimnong'oneza neno na yeye akimkatalia asimsaidie.

"Mwalimu. Mwambie Kirimi, mgongo umepona. Mwambie Desemba nakuja kwa bibi." Mama alinong'ona tena, naye akamkatalia. "Mwambie kwenye raunda akimbie mapema. Nitampiga mimi."