Vinundu kwenye Mibuni Yangu

Nilipoolewa karibu na Vwawa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mama mkwe alinigawia mstari mmoja wa mibuni. Mimi ni mtoto wa Tunduma, nimekulia kwenye vumbi la malori. Kahawa niliijua ikiwa kikombeni. Basi nilipoona matawi yamejaa vinundu, nikawatambia majirani kwamba mibuni yangu inaanza kuzaa. Walicheka mpaka nikatamani ardhi inimeze.

Mama mkwe alibandua gamba dogo kwenye kinundu kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na kidudu cha njano, kimejibanza kinanyonya.

"Mwanangu, hawa ndio wanaouvimbisha mti," akasema. "Na hao sisimizi unaowaona ni wachungaji wao. Wanawaramba utamu, na anayekuja kuwala wanamfukuza."

Baba mkwe alitaka kung'oa mstari wote apande mahindi. Kwa desturi ya nyumba ile hatukusemezana, yeye na mimi. Maneno yake yalipitia kwa mkewe hata nikiwa nimesimama palepale. "Mwambie mkweo, mvua za kwanza zikinyesha nang'oa."

Iliniuma sana. Katika boma lile lote, mibuni ile ndiyo pekee niliyoweza kuiita yangu.

Nikaenda kwetu, nikarudi na kopo la grisi chakavu ya malori. Matawi yaliyozidiwa niliyakata nikayachoma. Kila shina nililifunga kipande cha mfuko wa plastiki, nikapaka grisi juu yake.

"Mwambie mkweo hapa si gereji," baba mkwe akasema. Na kweli nilinuka gereji wiki nzima. Mume wangu naye hakukosa la kusema.

Sisimizi walifika kwenye grisi wakageuza. Baadaye wakaja wadudu wekundu wenye madoa meusi, wakavila vile vidudu bila wa kuwabughudhi. Kila asubuhi nilikwenda kuwatazama kabla hata sijawasha moto. Machipukizi mapya yakatoka laini, hayana uvimbe.

Mvua iliponyesha, baba mkwe akaja na jembe. Alipita mti hadi mti akipapasa matawi. Kisha akamgeukia mkewe, mimi nikiwa hatua mbili kutoka kwao.

"Mwambie mwenye shamba anionyeshe mpaka wake," akasema, "mahindi yangu yasije yakaingia kwake."