Sandwichi Aliyoagiza Baba

Baba yangu alikuwa mtu wa kula. Kwetu Kisesa, akirudi kutoka malishoni, aliketi mbele ya bonge la ugali na maziwa mgando akala kimya hadi bakuli likabaki jeupe. Sisi watoto tulijua kwamba wakati huo hasemeshwi. Kwa hiyo alipokuja kwangu mjini, suruali ameifunga kwa kamba ya katani, nilijua mambo ni mabaya kabla hajasema neno. Alisema chakula kinamkwama kifuani.

Nilikuwa kibarua kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, nimepanga chumba mtaa wa Pasiansi. Niliomba ruhusa nikampeleka hospitali. Walimpitisha mpira kooni, na siku ya majibu daktari aliniita koridoni peke yangu. Njia ya chakula ilikuwa imezibwa na uvimbe, akasema, nao umekwisha kusambaa. Hakuna cha kupasua.

"Mpeni vitu laini. Uji, maziwa. Mkae naye karibu."

"Nimwambieje mzee?"

"Hilo mtaamua nyumbani," akasema, kisha muuguzi akamwita.

Baba alikuwa kwenye benchi, kofia magotini. Hakuniuliza kitu. Tuliposhuka katikati ya mji akasema anataka kuliona lile jengo jipya la maduka ambalo watu wa Kisesa walikuwa wakilisimulia. Sikuwa na sababu ya kumkatalia. Ndani mlikuwa na vioo kila upande, redio kubwa za Dubai, viatu, manukato. Baba alikuwa amezoea kupanga foleni ya sabuni kwenye duka la ushirika, na sasa alitembea mikono nyuma, akisimama mbele ya kila dirisha.

Pembeni palikuwa na mkahawa mdogo wa meza nne. Walikuwa wakiuza mikate iliyojazwa nyama na juisi za kusaga. Msichana wa pale alikuja akapiga goti kidogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wale wanakula nini?"

Alikuwa anawatazama vijana wawili wenye tai waliokaa meza ya pili.

"Sandwichi ya kuku, baba. Na juisi ya parachichi."

"Niletee na mimi hivyohivyo."

Nikasema haraka, "Baba, chukua juisi tu. Mkate mkavu ule."

"Nina njaa," akasema. Hakusema kwa hasira. "Nimechoka na uji, mwanangu. Acha nile kama watu."

Ningemzuia vipi? Kumzuia kulihitaji sababu, na sababu ndiyo ile niliyotoka nayo koridoni. Sandwichi ikaja imekatwa pembe tatu, majani ya saladi yakichungulia. Baba akavua kofia, akanawa, akaishika kwa mikono yote miwili. Alitafuna muda mrefu sana. Mimi nilitazama meza, maana kwetu mtoto hamkodolei macho baba yake akiwa anakula, lakini masikio yangu yote yalikuwa kooni mwake.

Akameza. Kisha akatulia kabisa. Mkono ukapanda kifuani, macho yakajaa maji. Nikampa glasi, maji nayo yakarudi. Akachukua leso, akageukia ukutani, mabega yakawa yanatikisika bila sauti. Nilisimama nyuma yake mkono wangu ukiwa hewani, sijui nimpige mgongoni au nimshike, na sikufanya hata kimoja. Wale vijana wakaacha kuongea. Mwishowe kikatoka kile alichokimeza, akakifunga ndani ya leso, akaitia mfukoni, akakaa sawa.

"Juisi iko wapi?" akauliza.

Msichana alikuwa ndiyo kwanza amebonyeza mashine, parachichi linaanza kuzunguka, umeme ukakatika. Jengo zima likawa giza na kimya. Mwaka ule ilikuwa kawaida, lakini mimi nilihisi machozi yananilenga. Msichana akasema, "Tuvumilie kidogo, baba," akasimama pale mkono juu ya kifuniko cha mashine kana kwamba angeweza kuisukuma.

Katika giza lile baba akasema, "Daktari alikwambia nini?"

"Alisema ule vitu laini."

"Hilo najua. Na lingine?"

Nikapapasa mezani nikitafuta glasi yake ya maji. Akangoja, kisha akasema polepole, "Basi, mwanangu. Usijisumbue," akanigusa kiganja mara moja, kitu ambacho sikumbuki kama aliwahi kukifanya tangu nivunje ungo.

Umeme uliporudi mashine ilinguruma yenyewe, msichana akaruka, na baba akacheka kidogo. Alikunywa juisi kwa mrija, akipumzika katikati, ikachukua karibu alasiri nzima, lakini ilipita yote. Sandwichi aliomba ifungwe kwenye karatasi.

"Mama yenu ajue mjini wanakula nini," akasema.

Nilimsindikiza Kisesa siku iliyofuata. Mama aliila akasema haina chumvi. Alianza kumpondea baba parachichi kwa mwiko, akilichanganya na maziwa na kulichuja kwa kitambaa, na kwa wiki kadhaa likapita. Ruhusa yangu ilipokwisha nikarudi kwenye samaki. Kila nilipokwenda kumwona nilibeba maparachichi yaliyoiva, hadi safari moja mama akanipokea kapu mlangoni, akaliweka chini bila kulifungua, akaniambia niingie ndani nikae na baba tu.